Mshauri asiyelipwa

JICHO LA SIRISIA
Na Nekesa Wamalwa

Ukihudhuria mazishi kwetu Sirisia siku hizi, kabla mhubiri hajapewa kipaza sauti utasikia wageni wakitambulishwa: chifu, mwakilishi wadi, mwenyekiti wa chama, halafu "mshauri wa mkubwa". Mkubwa mwenyewe hayupo, ametuma rambirambi na bahasha. Mshauri anasimama, anapunga mkono, anarudi kuketi safu ya mbele. Hakuna anayeuliza huwa anashauri juu ya nini. Lakini ngoja mwili uzikwe. Vijana wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki watamzunguka. Mwenye duka la saruji na mabati atamvuta kando. Na mkandarasi ambaye hajalipwa tangu mwaka juzi atamsindikiza hadi kwenye gari na kumfungulia mlango.

Watu hao si wajinga. Wanajua kwamba mlango wa ofisi kubwa una funguo mbili, na mmoja uko mfukoni mwa huyu bwana.

Wapo washauri wanaolipwa, wenye barua ya ajira na meza ofisini. Hao angalau tunaweza kuwataja katika bajeti na kulalamika kwamba ni wengi mno. Anayenisumbua mimi ni yule anayejigamba kwamba hachukui hata ndururu ya serikali. "Mimi najitolea tu kwa ajili ya watu wetu," husema, na umati hupiga makofi. Mkono mtupu haulambwi. Mtu anayeacha biashara zake Kitale na Bungoma mjini, akajaza gari mafuta kila asubuhi, akahudhuria kila mkutano na kutoa mchango kila harambee, na hana mshahara, basi kuna anayemlipa. Ningependa kumjua.

Chukua madeni ya wakandarasi. Kufikia Juni 2023, kaunti 47 zilikuwa zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 160 kwa jumla. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna mtu aliyekopa benki akachimba mtaro, akajenga darasa au kuleta dawa, sasa mnada unamnyemelea. Utaratibu unasema aliyetangulia kudai ndiye alipwe kwanza. Ila faili haina miguu. Husogea inaposogezwa, na simu moja ya mshauri kwa idara ya fedha yatosha kuitoa chini ya rundo na kuiweka juu. Hakuna pesa ya umma iliyoibwa hapo, kwa maana ya kitabu. Deni ni halali, kazi ilifanyika, hundi ni sahihi. Kilichouzwa ni foleni. Mkandarasi akikatwa kidogo kwa "asante", atamlalamikia nani, na kesho ana deni jingine?

Au chukua taarifa. Mshauri huketi kikaoni wakati soko jipya linajadiliwa, au barabara itakayowekwa lami, au kiwanja cha zahanati. Miezi kabla ya tangazo kutoka gazetini, yeye anajua itapita wapi. Shamba la mjane lililokuwa haliulizwi bei linapata mnunuzi ghafla. Tenda zikitoka, kuna asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango mzuri kabisa kwenye karatasi. Lakini kampuni ya "vijana" inayoshinda imesajiliwa juzi kwa jina la mpwa.

Sisemi kila mshauri hufanya haya. Nasema akiyafanya, hutampata.

Bungoma tunaujua ufisadi ulioacha karatasi. Mwaka wa 2015 nchi nzima ilitucheka kwa sababu ya wilbaro kumi zilizonunuliwa na kaunti kwa shilingi 109,320 kila moja. Tukaelezwa kwamba zilikuwa za chuma kisichopata kutu, tena zisizosababisha saratani. Nadhani hakuna wilbaro duniani iliyowahi kutetewa kitabibu namna ile. Lakini fikiri tulizijuaje. Kulikuwa na stakabadhi, bei, idadi na sahihi. Maafisa wakafikishwa kortini kwa sababu jina la mtu lilikuwa chini ya karatasi. Hata sakata ya mahindi, ile ya kampuni ya Erad na Bodi ya Nafaka, ilikuwa na mkataba wa 2004 wa tani 40,000 ambao wakili yeyote angeweza kuusoma kortini.

Mshauri haweki sahihi popote. Afisa wa ununuzi akifungwa, mshauri atamtembelea gerezani kumpelekea sabuni.

Sheria yetu ya uadilifu, kwa bidii yake yote, imetegwa kumnasa mwenye mshahara. Katiba ya 2010 imejaza sura nzima, ya sita, juu ya uadilifu: kifungu cha 75 kinakataza maslahi binafsi kugongana na kazi ya umma, na cha 77 kinamkataza afisa wa serikali anayetumikia kwa muda wote kushika kazi nyingine ya mapato. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ikaeneza masharti hayo kwa watumishi wote wa umma. Vizuri. Kisha fungua kifungu cha 260 uone ofisi ya umma ni ipi: ni ile ambayo malipo yake hutoka moja kwa moja katika hazina ya umma. Ukitangaza kwamba hulipwi, umetoka nje ya ua huo. Julai 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndiyo msimamizi wake. Ni hatua. Lakini fomu ya kutangaza mali hupelekewa mtu aliye kwenye orodha ya watumishi. Asiye kwenye orodha atapelekewa na nani? Na hata waliozijaza tangu sheria ya 2003, zao zimekuwa zikifungiwa kabatini, mwananchi asizione.

Mazoea haya ni ya zamani kuliko ugatuzi. Mwaka wa 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara, mradi zisigongane na kazi zao. Wakenya wengi waliochukua ofisi za wakoloni hawakuwa na mtaji, na wakubwa wakaona si haki wabaki nyuma. Hoja ilikuwa na mantiki yake. Ila hilo neno "mradi" halikuwekewa mlinzi. Aliyegawa leseni akafungua duka, aliyegawa mashamba akawa mkulima mkubwa, na kizazi kilichofuata kikakua kikidhani ndivyo serikali ilivyo.

Huko Nairobi vyeo vya ushauri na usaidizi vimekuwa kifuta machozi cha walioshindwa. Wale Mawaziri Wasaidizi, CAS kwa kifupi cha Kiingereza, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza nafasi 23. Machi 2023 wakateuliwa 50, wengi wakiwa wanasiasa walioanguka Agosti 2022. Mahakama Kuu ikawatoa Julai 3, 2023. Mwaka uliofuata, vijana walipoujaza mji kwa maandamano, Rais aliahidi Julai 5, 2024 kupunguza washauri serikalini kwa nusu. Kabla mwaka haujaisha, Moses Kuria, aliyepoteza uwaziri baraza lilipovunjwa Julai, alikuwa ameteuliwa mshauri wa masuala ya uchumi. Simsingizii kosa lolote, na mwaka uliofuata alijiuzulu mwenyewe. Nashangaa tu ile hesabu ya nusu.

Wala tusidhani ni maradhi ya maskini. Marekani, mwaka wa 2025, tajiri kuliko wote duniani, Elon Musk, aliingia serikalini kama mtumishi maalum wa siku zisizozidi 130 kwa mwaka, akapewa nafasi ya kupekua idara za serikali kutafuta pa kukata, huku kampuni yake ya SpaceX ikiwa na kandarasi za serikali hiyo hiyo. Naye hakuchukua mshahara. Watetezi wake walilitaja hilo kama sifa.

Gavana anahitaji washauri, sikatai. Hawezi kujua magonjwa ya kahawa, mikopo ya benki na sheria ya ardhi peke yake, na mtaalamu aliyestaafu akitoa wiki yake moja kwa mwezi bure, Mungu ambariki. Huyo hatakataa kuandika jina lake. Ndiyo maana sitaki washauri wapigwe marufuku. Nataka orodha yao, wanaolipwa na wasiolipwa, ibandikwe ukutani.

Na hatuhitaji kungoja mbunge alete mswada. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuomba taarifa kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kutoa sababu. Mwandikie Katibu wa Kaunti, Bungoma, au mwenzake wa Trans Nzoia pale Kitale kama unaishi upande huo. Uliza: washauri wa gavana ni akina nani, kila mmoja anashauri juu ya nini, na ni kampuni zipi wanazomiliki wao au wake na waume zao ambazo zimepata kazi ya kaunti tangu uchaguzi wa 2022. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, ipeleke nakala yako kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Mimi yangu nimeipeleka Jumatatu.