Pima Joto la Bia, Sio la Chumba

Wadau, leo tuweke hifadhidata kando kidogo. Siku hizi ukikaa na watengenezaji programu wanaojipikia bia nyumbani, hukosi kuonyeshwa kifaa cha kudhibiti joto, chenye grafu na ujumbe wa simu. Vizuri sana. Lakini uliza swali moja tu: kihisio kiko wapi? Wengi watakuambia kimening'inia hewani, kando ya pipa. Hapo ndipo ninapobishana nao.

Hebu tuanze na hamira. Bia aina ya eli, kama zile za Uingereza, huchachushwa na Saccharomyces cerevisiae, jamii moja na hamira ya mkate. Aina zake nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi. Joto likizidi, hasa siku tatu za kwanza, hutoa alkoholi nzito zinazochoma koo na harufu kama ya ndizi mbivu. Likipungua sana, hamira husinzia na kuacha sukari haijaliwa.

Sasa, hamira ikila sukari hutoa joto lake yenyewe. Chumba kikiwa nyuzi 20, bia iliyo ndani ya pipa la lita 20 yaweza kufika 23 au zaidi. Kihisio cha hewani kitasema mambo ni shwari na programu itakubali, kumbe bia ina homa! Ni sawa na kupima ruta halafu useme seva ni nzima.

Dawa ni rahisi. Bandika kihisio ubavuni mwa pipa, chini ya usawa wa bia, kisha ukifunike kwa sponji ili hewa isikidanganye. Kama unatumia friji, acha pengo: iwake bia ikifika 20, izime ikifika 19, na ikizima ipumzike dakika tano kabla ya kuwaka tena. Programu ya kuwasha na kuzima kila mara itaua kompresa, na kompresa si bei ya mchezo.

Tena, kabla ya kununua friji, jaribu karai. Simamisha pipa ndani ya maji, livishe fulana iliyolowa, washa feni. Maji yakikauka hubeba joto. Hapa Nairobi njia hii mara nyingi hutosha, na usiku wa baridi wa Julai maji hayo huzuia joto kushuka ghafla. Mombasa hewa ina unyevu mwingi, fulana haikauki upesi; huko ongeza chupa za barafu. Na stima ikipotea, karai halina habari.

Kuna watakaosema wazee walipika muratina bila kipima joto. Kweli, lakini kibuyu walikiweka karibu na meko ili kipate joto. Walidhibiti joto, tena la kibuyu chenyewe!

Sipingi vifaa; kuviunda ndiyo raha yetu. Ninachosema ni kwamba msimbo mzuri juu ya kipimo kibovu hukupa uhakika wa uongo, na baada ya majuma mawili utamwaga lita 20 huku grafu yako imenyooka kama rula.

Haya, wewe kihisio chako umekiweka wapi?