Rangi Imeondoka, Mfuko Umebaki

Ndugu wanachama, wazee wetu hawajasahau jinsi shule za Tanganyika zilivyogawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Hata kwa Waafrika wenyewe, shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa nia ya kuwafundisha wana wa machifu, siyo wana wa makabwela. Ubaguzi wa rangi shuleni ulikomeshwa kwa sheria tangu tarehe 1 Januari 1962. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu inayowatenga wachache na wenzao. Na Januari 2016 shule za Serikali ziliacha kutoza ada hadi Kidato cha Nne. Haya ni mambo ya kujivunia.

Lakini sisi twauliza: ubaguzi umekwisha, au umebadili kanzu tu?

Tazameni watoto wawili wa Itungi, pale ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mmoja ni wa mvuvi. Alfajiri humsaidia mama yake kuanika usipa, kisha huenda shule bila kutia kitu tumboni. Mpunga ukikaribia kuiva huitwa shambani kuamia ndege, na masomo humpita. Sare yake ni moja. Ikilowa masika, na masika ya Kyela si mchezo, hana nyingine. Ada imefutwa, ndiyo, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi.

Wa pili ni mtoto wa mfanyabiashara wa kokoa. Yeye hupelekwa kwa gari katika shule ya kulipia, na hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Wote wawili wakifika Kidato cha Kwanza, hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Wa pili huendelea na safari yake. Wa kwanza huanza kujifunza upya hata namna ya kuuliza swali. Akinyamaza, husemwa hana akili. Huo ni uongo! Mtoto huyo hakukosa akili. Alikosa uji, daftari na lugha.

Hatumlaumu mzazi mwenye uwezo, maana kila mzazi humtakia mwanawe mema. Tusemalo ni hili: mwenye sauti akimwondoa mwanawe katika shule ya kijiji, huondoka na sauti yake. Paa likivuja, vitabu vikipungua, nani atasimama mkutanoni kudai? Mvuvi yuko ziwani, mkewe yuko shambani. Na wenye sauti hao, tuseme kweli, wengi ni wanachama wenzetu, na wengine ni viongozi wetu.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kila tawi. Kwanza, mwanachama mwenye uwezo, hata kama mwanawe anasoma kwingine, ahudhurie mikutano ya shule ya kijijini kwake na kudai haki yake kama angalidai ya mwanawe. Pili, baada ya mavuno kila nyumba itoe nafaka kwa ajili ya uji wa shule. Asiye na nafaka atoe kuni au zamu ya kupika, na mtoto wake asifukuzwe. Tatu, kazi ya kuamia ndege ifanywe na watu wazima kwa zamu. Nne, vijana waliomaliza Kidato cha Nne nao wako vijijini wawafundishe wadogo zao Kiingereza jioni, bila malipo.

Waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakusema habari za watoto wa shule. Rangi tuliishinda kwa umoja. Mfuko nao hautashindwa kwa hotuba, bali kwa umoja ule ule. Mtoto wa mvuvi wa Itungi naye ni mtoto wa Taifa.