Dizeli Haipigwi Picha
Na Rehema Njoroge

Wakenya si wachoyo. Anayebisha hakuwa nchini Julai 2011, ukame ulipoikausha Turkana na kampeni ya Kenyans for Kenya ikaomba shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Hata mwenye shilingi kumi kwenye M-Pesa alituma. Lengo lilivukwa, na msaada ukapitia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965.

Kasoro yetu ni ya kalenda. Tunachanga maiti wakishahesabiwa.

Sisi wa Nakuru tungepaswa kuwa tumejifunza. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai, maji yakavishukia vijiji vya Energy na Nyakinyua na kuua watu wasiopungua 47. Aprili 29, 2024, kabla hakujapambazuka, ikawa zamu ya Kamuchiri, Mai Mahiu. Maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipata njia, yakazoa nyumba na makumi ya watu waliokuwa wamelala. Kumfikia mtu aliyefukiwa na matope gizani kunataka gari lenye mafuta, kamba, tochi, na kijana anayejua kumbeba majeruhi bila kumvunja uti wa mgongo. Hayo yote hununuliwa na kufunzwa miezi kadhaa kabla, kwa fedha za siku ambayo hakuna anayelia.

Na hapo ndipo mchangaji anapokunja uso. Anataka shilingi yake aione ikiwa unga au blanketi. Akiambiwa ni ya dizeli, ya nauli ya wanaojitolea au ya kodi ya ghala, anashuku kuna mtu anakula. Simlaumu sana, harambee ngapi zimeliwa huku tukitazama? Lakini blanketi haliendi Solai kwa miguu yake. Waliokaa katika kambi ya Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wanaijua hesabu hii kuliko mimi. Kambi haiishi kwa unga wa wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu bado inataka maji safi na vyoo, na kamera zimeshahamia kwingine.

Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, kukagua mabwawa na kuwahamisha watu Ziwa Naivasha linapofurika ni kazi yake, na ibanwe. Lakini anayesombwa usiku huu hawezi kungoja ripoti ya kamati.

Vyama vyetu, kuanzia Bahati hadi Gilgil, vina fungu la mazishi ambalo hakuna mwanachama anayelinung'unikia. Ongezeni kando yake shilingi mia moja kwa mwezi za Msalaba Mwekundu, mvua ije isije. Tumeni kwa namba mliyoithibitisha katika ofisi za shirika lenyewe, si ile iliyorushwa WhatsApp na mtu msiyemjua, kwa maana matapeli nao huamka mapema siku ya maafa. Mwisho wa mwaka mwalikeni mtu wa tawi la Nakuru mkutanoni, mumpe chai, halafu mumwombe hesabu: dizeli lita ngapi, vijana wangapi wamefunzwa huduma ya kwanza, na ghalani kumebaki nini.