Chakula Tiba Kifungashwe Karibu na Mtoto

Julai 2025, karibu tani 500 za biskuti za dharura zilifikia mwisho wa muda wake wa matumizi zikiwa ghalani Dubai. Serikali ya Marekani ilikuwa imezinunua kwa takriban dola 800,000 kwa ajili ya watoto wa Afghanistan na Pakistan. Hazikuota ukungu wala kuingiwa na panya. Shirika la misaada la serikali hiyo, lililozinunua, lilikuwa limevunjwa, ruhusa ya kuzitoa ikachelewa, na tarehe iliyochapwa kwenye makasha ikafika. Uamuzi ukawa ziteketezwe, na kazi hiyo peke yake ikagharimu takriban dola 130,000 nyingine.

Lawama zilielekezwa Washington, na kwa haki. Lakini Afrika Mashariki, inayopokea chakula cha aina hiyo kupitia Mombasa na Dar es Salaam, ina jambo lake la kujifunza. Chakula cha kukaa muda mrefu huanza kuhesabiwa siku pakiti inapofungwa kiwandani, si siku meli inapotia nanga. Kila wiki inayopita baharini, bandarini na ghalani inakatwa kwenye uhai wa chakula kile kile. Ndiyo maana serikali za ukanda huu zinapaswa kuacha kungoja makontena ya msaada na kununua zenyewe chakula tiba kinachofungashwa hapa hapa.

Bidhaa inayohusika zaidi ni ile siagi ya karanga wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Ilibuniwa mwaka 1996 na daktari wa Kifaransa, André Briend, pamoja na Michel Lescanne, mwanzilishi wa kampuni ya Nutriset. Kabla yake, mtoto aliyekonda kupita kiasi alilazwa hospitalini na kunyweshwa maziwa maalumu yanayokorogwa kwa maji safi, kitu ambacho vijiji vingi havina. Pakiti ya gramu 92, yenye karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, ina kilokalori 500. Haihitaji maji, moto wala jokofu, na hukaa miezi 24. Kasha moja la pakiti 150 linatosha, kwa makadirio, kumponya mtoto mmoja. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNICEF ziliidhinisha watoto wasio na matatizo mengine ya kiafya watibiwe wakiwa nyumbani kwa chakula hicho.

Miezi 24 inasikika kuwa mingi mpaka ihesabiwe njiani. Mzigo unatoka kiwandani Ulaya au Marekani, unangoja nafasi melini, unavuka bahari, unashushwa Mombasa, unapita forodhani, kisha unapanda lori kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na safari za kutoka Ulaya zikarefuka.

Kontena lenyewe nalo si ghala tulivu. Joto linapopanda mchana na kushuka usiku, hewa ya ndani hubadilika, unyevu hujikusanya kwenye dari ya chuma na kudondokea makasha. Pakiti za karatasi ya alumini huvumilia, ila maboksi hulegea na rundo zima huweza kuporomoka. Wasafirishaji hutundika mifuko ya kunyonya unyevu, lakini hakuna mfuko unaozuia joto. Kontena linaloachwa juani bandarini linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na vitamini hazipendi joto hilo.

Kisha kuna sheria za wenye meli. Tangu mwaka 1954, Marekani huagiza angalau nusu ya shehena ya serikali yake, msaada wa chakula ukiwemo, ibebwe na meli zenye bendera yake. Kati ya 1985 na 2012 kiwango cha msaada wa chakula kilipandishwa hadi asilimia 75. Meli hizo hutoza nauli kubwa kuliko za wengine, kwa hiyo sehemu ya fedha zilizotengwa kwa ajili ya mwenye njaa huishia kwa mwenye meli.

Wafanyabiashara wa kawaida wanaijua hesabu hii. Kenya hudai chakula cha biashara kinachoingia nchini kiwe kimebakiza angalau asilimia 75 ya muda wake. Kwa bidhaa ya miezi 24, hiyo maana yake ni kwamba kutoka kiwandani hadi bandarini kuna miezi sita tu ya kuchezea. Kama mwagizaji wa biskuti za dukani anabanwa hivyo, chakula cha mtoto mgonjwa kinastahili uangalizi usiopungua huo.

Uwezo upo. Kampuni ya Insta Products, yenye kiwanda Athi River nje kidogo ya Nairobi, hutengeneza chakula tiba cha karanga. Ethiopia kuna kampuni ya Hilina. Kigali, Africa Improved Foods imekuwa ikisaga na kufungasha unga wenye virutubisho tangu 2017, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ni miongoni mwa wanunuzi wake.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja nzito. Kwanza ni sumukuvu: karanga zilizokaushwa vibaya huota kuvu wanaozalisha sumu hiyo, na Kenya haijasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu 125. Pili, vigezo vya kimataifa vilidai nusu ya protini itokane na maziwa, na unga wa maziwa, vitamini na karatasi za kufungashia mara nyingi huagizwa nje. Meli haikwepeki. Tatu, kiwanda kikubwa cha ng'ambo huuza kwa bei nafuu kwa sababu kinapata oda kubwa.

Hoja hizo zinaonyesha pa kuanzia, si pa kuishia. Sumukuvu hupunguzwa kwa kukausha vizuri, kuchambua na kupima kila mzigo, na mkulima atagharamia turubai na ghala akiwa na mnunuzi wa uhakika. Malighafi kuja kwa meli si tatizo lile lile: gunia la unga wa maziwa likichelewa wiki tatu, kiwanda kinatumia akiba yake, na miezi 24 ya pakiti bado haijaanza kuhesabiwa. Bei nayo hushuka kwa mikataba ya miaka kadhaa, siyo kwa oda za kushtukiza ukame ukishapiga.

Meli za msaada zitaendelea kuhitajika, hasa njaa inapozikumba nchi kadhaa kwa pamoja na karanga zenyewe zikakosekana. Zibaki kuwa akiba ya dharura. Mahitaji ya kila mwaka, yanayojulikana kutokana na takwimu za kliniki, yasitegemee kura za bunge la nchi nyingine.

Fedha zina pa kuanzia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza chakula tiba katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayozipa wizara za afya msingi wa kukinunua pamoja na dawa nyingine. UNICEF nayo ina mfuko unaoongeza dola moja kwa kila dola ambayo serikali inatoa kununulia bidhaa za lishe. Bajeti za Kenya, Uganda na Tanzania husomwa Juni. Zinapoandaliwa, wizara za afya ziweke fungu la chakula tiba, wizara za fedha ziondoe ushuru kwenye malighafi zake, na mikataba itamke bayana idadi ya miezi ambayo pakiti lazima iwe imebakiza inapofika kliniki, na malipo ya muuzaji yategemee hilo.