PICHA BILA JINA NI KARATASI TU



Picha za zamani za bandari ya Pangani zinaonyesha majahazi mtoni na watu ufukweni. Habari za wakubwa zimeandikwa: tunajua Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, na Mjerumani Hindorf alipanda mkonge Kikogwe mwaka 1893. Lakini yule hamali aliyejitwika gunia, ni nani? Na mpiga kasia wa kuvukia Bweni je?

Wazee wanaowajua wanatutoka mmoja mmoja. Basi mwenye picha asiifungie sandukuni. Ampelekee mzee, amuulize, aandike majina nyuma kwa penseli. Tukizembea, wajukuu watamjua Hindorf, babu yao hawatamjua. Hiyo itakuwa aibu yetu sote.