Usiniambie Hayo ni Mambo ya IT

Kuna sentensi moja nimeichoka. Kila nikikutana na wahariri wenzangu wenye tovuti za fasihi ya Kiswahili, nikiuliza nani anashika neno la siri la tovuti yao, napewa jibu lile lile: "Ah, hayo ni mambo ya IT, kuna kijana anatusaidia." Na linatamkwa kwa fahari kidogo, kana kwamba kutojua ndiyo dalili ya usanii. Mimi nasema hapana. Sentensi hiyo imetupotezea maandishi mengi kuliko tunavyopenda kukiri, na sasa tuigombee hadharani.

Naandika nikiwa Old Korogwe. Kazi yangu ya mchana ni uandishi wa habari; jioni nasaidia vikundi viwili vitatu vya wapenda vitabu kutunza kurasa zao. Huku tovuti ikigoma saa tatu usiku hakuna wa kumgongea mlango. Ama unajua mwenyewe, ama unalala na tovuti yako imelala. Labda ndiyo maana sina huruma na wenzangu wa mjini ambao wana kila msaada, na bado hawajui funguo za nyumba yao ziko kwa nani.

Miaka kadhaa iliyopita tovuti moja ya fasihi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imechapisha insha zangu kumi na moja. Asubuhi moja nikafungua kiungo cha insha yangu kuhusu riwaya za mashamba ya mkonge, nikajikuta kwenye ukurasa wa kamari. Nikampigia mhariri. Akasema fundi hapatikani. Wiki ya pili, fundi hapatikani. Mwezi wa tatu ikafahamika kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi, kwamba fundi alishabadili kazi na namba ya simu, na kwamba hakuna nakala ya akiba popote. Muda wa jina ulipokwisha hakuna aliyeweza kulilipia. Kwaheri. Insha zangu ninazo, zipo kwenye flashi. Lakini kuna binti wa kidato cha sita aliyeshinda shindano lao la hadithi fupi, na yeye aliiandika hadithi yake moja kwa moja kwenye simu, ndani ya ukurasa wa kuandikia wa tovuti ile. Nakala yake ilikuwa hiyo hiyo moja. Nani atamwambia kwamba hayo ni mambo ya IT?

Sasa hoja yangu. Mipangilio ya tovuti ni kazi ya uhariri. Inahitaji mtu anayejua nani anaandika, nani anapitisha, nini kinachapwa lini, na kitapatikana wapi baada ya miaka kumi. Huyo ni mhariri.

Chukua WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ingia kwenye mipangilio yake uangalie nyadhifa. Kuna Mchangiaji: anaandika, hachapi. Kuna Mwandishi: anachapa kazi zake tu. Kuna Mhariri: anagusa na kuchapa kazi za wote. Na kuna Msimamizi: anaweza kila kitu, pamoja na kufuta kila kitu. Jamani, hiki si chumba cha habari hiki? Fundi wa kompyuta ndiye mgeni humu. Lakini nimeshaona tovuti yenye watu tisa na wote tisa ni Wasimamizi, "ili kurahisisha kazi". Hakuna gazeti duniani ambalo kila anayeleta shairi anapewa ufunguo wa mtambo wa kuchapia na wa kabati la fedha. Kwenye intaneti tunafanya hivyo, halafu tunashangaa.

Ukurasa huo huo wa mipangilio una kisanduku kinachouliza kama mtu yeyote anaweza kujisajili, na chini yake kuna wadhifa atakaopewa huyo mgeni. Ukikosea hapo umemkaribisha mpita njia sebuleni, ukampa na kitanda. Mbele kidogo kuna kisanduku kingine, kidogo kuliko ukucha, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi wengi hukitia tiki wakati wa ujenzi, na wengine husahau kukiondoa. Matokeo yake mnachapa mwaka mzima na Google haiwaoni, kisha mnaandika makala za kulalamika kwamba Watanzania hawasomi. Wangesomaje kitu mlichokificha wenyewe?

Halafu saa. WordPress ikiachwa ilivyokuja hufuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hadithi iliyoingia saa saba usiku wa tarehe 1 Julai itaandikwa tarehe 30 Juni. Kwa tovuti yenye shindano na siku ya mwisho, hiyo ni kesi.

Na lugha. Tovuti nyingi za Kiswahili zimeachwa zijitambulishe kama za Kiingereza cha Marekani, kwa sababu ndivyo programu inavyokuja. Kiswahili kina kitambulisho chake cha kimataifa, herufi mbili tu: sw. Bila herufi hizo, msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti anaweza kusomewa shairi la Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Tunafanya makongamano ya kutetea lugha hii, tunagombana juu ya istilahi, tunaadhimisha kila tarehe 7 Julai Siku ya Kiswahili Duniani, na kwenye mlango wa nyumba yetu wenyewe tumebandika kibao kinachosema humu wanaishi Wamarekani.

Usalama pia ni uhariri, maana yake ni kulinda maandishi yasibadilishwe na asiyehusika. Hapa huwa naambiwa: "Nani atahangaika kutushambulia sisi wadogo?" Jibu ni kwamba wengi wa wanaoingia hawajui mko wapi wala hawasomi Kiswahili. Ni programu zinazozunguka usiku na mchana zikijaribu kila mlango, kama mtu anayepita mtaa mzima akisukuma vitasa. Mwanzoni mwa mwaka 2017 ilitolewa WordPress 4.7.2 kuziba tundu lililomruhusu mtu wa nje kubadilisha maandishi ya ukurasa bila neno la siri. Ndani ya siku chache baada ya tundu hilo kutangazwa, mamia ya maelfu ya kurasa yaliandikwa upuuzi. Waliokuwa wameruhusu programu ijisasishe yenyewe walilala usingizi. Waliozima usasishaji, au fundi wao aliyeuzima "isije ikaharibu muonekano", ndio walioamka na maneno ya watu wengine chini ya majina yao.

Tusisahau ugonjwa wetu wa vya bure. Mtu analetewa kwenye flashi muonekano wa tovuti ambao kwa kawaida unauzwa, umevunjwa kufuli, anaupachika anafurahi. Aliyevunja kufuli hakuwa anatoa sadaka. Mara nyingi ameacha mlango wake wa nyuma, na kupitia huo ndipo huingia kamari, dawa za nguvu na kurasa za Kijapani. Muonekano wa bure kutoka hazina rasmi ya WordPress haung'ai sana, lakini hauna mwenyeji usiyemjua.

Kuna watakaoniambia naelekeza kidole pasipostahili, kwamba adui ni sheria na ada. Sipuuzi hilo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye ukurasa mdogo wa kuandika awe na leseni, kwa ada zilizofikia kama shilingi milioni mbili, na Juni mwaka huo hata Jamii Forums ilizimika kwa muda. Wapo walioacha kuandika, na nawaelewa. Lakini tusiifanye kanuni ile kuwa kaburi la kila marehemu. Tovuti iliyokufa kwa sababu jina lake lilisajiliwa kwa barua pepe ya mtu aliyehama haikuuawa na serikali. Tena sheria inaongeza mzigo upande wetu: tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Ukikusanya majina, simu na umri wa washiriki wa shindano lako, ukaviacha kwenye tovuti yenye Wasimamizi tisa, hilo si suala la kijana wa kompyuta tena. Ni lako.

Wengine husema basi tuhamie Facebook na makundi ya WhatsApp, huko hakuna mipangilio ya kuumiza kichwa. Huko wewe ni mpangaji. Hadithi iliyotumwa kwenye kundi mwezi Machi, mwezi Juni haipatikani hata na aliyeituma. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayeandika tasnifu hawezi kunukuu ujumbe uliosukumwa juu na picha za harusi. Hata kwenye tovuti, ukibadilisha ovyo muundo wa anwani za kurasa, viungo vilivyonukuliwa kwenye tasnifu za watu vinaweza kukatika vyote kwa mbofyo mmoja. Huo nao ni uamuzi wa mhariri, na ufanywe mara moja, mwanzoni.

Sisi wa mkoa huu wa Tanga tuna mfano mzuri kuliko wote. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kuhusu watawala wa Usambara, kilichapwa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 kikatolewa upya kwa sababu nakala za zamani zilikuwepo. Karatasi ile ilipita kwenye vita mbili za dunia na tawala mbili za kikoloni. Sisi tuna simu zenye nafasi kuliko maktaba nzima ya wakati ule, na hadithi ya mwaka jana hatuna. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo siombi mhariri ajifunze kuandika programu. Fundi abaki, alipwe, aheshimiwe. Ninachodai ni haya. Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya taasisi yenu, ambayo watu wawili wanaiweza, na tarehe ya kulilipia iandikwe ukutani. Msimamizi awe mmoja au wawili, wengine wapewe nyadhifa zinazolingana na kazi zao, na anayeondoka aondolewe siku hiyo hiyo. Neno la siri liwe refu, lisitumike kwingine, na kuwe na uthibitisho wa hatua ya pili kwenye simu. Programu ijisasishe yenyewe. Nakala kamili ichukuliwe kila wiki na ikae nje ya tovuti, na mara mbili kwa mwaka mtu ajaribu kuifungua, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Jumamosi moja inatosha kuyapanga yote haya. Ni muda mfupi kuliko tunaotumia kubishana kama ni tovuti au wavuti.

Na kabla hujamwomba mwandishi yeyote akutumie kazi yake, jiulize ufunguo wa mahali utakapoiweka uko kwa nani. Kama jibu ni jina la mtu ambaye hujaongea naye tangu mwaka juzi, usimwombe kwanza. Mtafute huyo mtu.