Mchagua Kitabu si Msomi?

Mchagua jembe si mkulima. Baadhi ya wahadhiri wa hisabati hawakosi kuitaja methali hii pale mwanafunzi wa uzamili anapothubutu kuuliza ni kitabu kipi kitakachomfaa katika uchanganuzi halisi, yaani lile tawi linaloshughulikia nambari halisi, vikomo na vipimo. Jibu lao huwa moja: Real and Complex Analysis cha Walter Rudin, kilichotoka mwaka 1966. Anayekitilia shaka huonekana mvivu.

Waama, Rudin si wa kubezwa. Ithibati zake zimepigwa msasa hata hazina neno la ziada. Hata hivyo, ulaini huo ndio unaomfichia mgeni njia. Kitabu kinaanza na vipimo vya kidhahania. Kipimo cha Lebesgue, ambacho asili yake ni urefu wa kipande cha mstari, jambo alijualo hata mtoto aliyeshika rula, hakijitokezi hadi sura ya pili, baada ya ithibati ndefu ya teoremu ya Riesz. Ni sawa na kumfunza mtu arudhi kwa kumkabidhi fasili ya mizani kabla hajasikia ubeti hata mmoja wa utenzi ukighaniwa. Fasili ataikariri, sikio litabaki kiziwi.

Henri Lebesgue mwenyewe hakuanzia huko. Tasnifu yake ya 1902 ilitoka kwenye urefu na eneo, na baadaye aliieleza njia yake kwa mfano wa mtu anayelipa deni: badala ya kutoa noti na sarafu jinsi zinavyomjia mkononi, anazipanga kwanza kwa thamani, kisha anahesabu kila fungu. Makanga wa matatu hufanya hivyo kila jioni bila shahada yoyote.

Kwa anayeanza, basi, Royden (1963) ana haki ya kutangulia, kwa kuwa huanzia kwenye mstari halisi ndipo aingie katika udhahania. Stein na Shakarchi (2005) wamefuata mkondo uo huo. Kwa asiye na fedha, kitabu cha Sheldon Axler cha mwaka 2020 hupatikana bure mtandaoni, tena kihalali. Umaskini wa maktaba si kisingizio tena cha kung'ang'ania kitabu kimoja.

Watetezi watasema kuwa ugumu hukomaza. Ugumu upi? Upo ugumu wa zoezi linalomkesheza msomaji na kumwacha na kitu mkononi, na upo ugumu wa hatua iliyorukwa kwa sababu mwandishi aliiona dhahiri. Ule wa kwanza utafutwe popote ulipo. Huu wa pili huwafanya vijana wenye vipaji kukariri ithibati wasizozielewa, wakafaulu mtihani, kisha wakawa wahadhiri wanaoagiza kitabu kile kile.

Idara na ziwape wanafunzi vitabu viwili katika juma la kwanza, kila mmoja asome sura moja ya kila kitabu, kalamu mkononi, ndipo achague. Rudin atangoja rafuni hadi muhula wa pili, hatachacha.